Ukiwa Arusha, slaidi zako hazichemki kwa nyuzi 100

Kama uko maabara ya patholojia hapa Arusha na unatumia maikrowevu kuchemsha slaidi (vioo vyenye vipande vyembamba vya tishu) kwenye bafa ya sitreti, yaani myeyusho unaotunza kiwango cha asidi, ili kufungua antijeni (protini zinazotafutwa kwenye tishu) kabla ya imunohistokemia, yaani kuzitia rangi kwa kutumia kingamwili, kumbuka mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Ukifuata muda uliopangwa na watu wa pwani, rangi inaweza kutoka hafifu, halafu lawama apewe muuza kemikali bure. Ongeza dakika chache, ulinganishe na slaidi ya kontroli, yaani ya kulinganishia, unayojua ni chanya. Wa Moshi wako chini zaidi, kwao tofauti ni ndogo.

Halafu maikrowevu yenyewe haipashi sawasawa. Panga vikombe vidogo vyenye maji kiasi kilekile pembeni na katikati, washa kidogo, kisha tumbukiza kipimajoto kwenye kikombe kimoja baada ya kingine. Joto litatofautiana. Palipo na joto la wastani ndipo pa kuweka chombo cha slaidi, cha plastiki inayohimili joto, si chuma. Bafa iongezwe kabla haijashuka chini ya tishu. Slaidi ikikauka, basi tena.

Fomalini, alkoholi na zailini (kiyeyushi cha maabara) usizitie kwenye maikrowevu ya kawaida ya dukani. Haina mfumo wa kuvuta mvuke nje, na alkoholi inashika moto. Na wali wa mchana, jamani, upashwe kwingine.