Namna ya kuandika historia ya makazi na maji katika kijiji cha Usangu

Mwongozo huu ni wa mtafiti anayekwenda bonde la Usangu, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kuchunguza jinsi Wasangu, Wasukuma, Wamaasai na wengine wanavyoishi pamoja katika bonde hilo moja. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi ambaye dodoso lake lilianza kwa kuuliza kabila.

Hatua ya 1. Pata kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kisha ripoti mkoani, wilayani, katani na kijijini. Usimruke mwenyekiti wa kitongoji.

Hatua ya 2. Chora ramani ya maji pamoja na wenyeji wako. Tumia karatasi kubwa na penseli, wala si simu, kwa sababu penseli hupokelewa na mkono wowote na mstari hufutika wakibishana. Uliza ng'ombe hunywa wapi kiangazi, mfereji ulichimbwa na nani, na nani hufungua maji zamu ya usiku. Wanawake wachore ramani yao peke yao.

Hatua ya 3. Tengeneza kalenda ya matukio. Hapa usiharakishe. Swali la "mlikuja mwaka gani?" halifai, kwani tangu wafugaji walipohamishwa kwa nguvu mwaka 2006 na 2007, na Pori la Akiba la Usangu kuunganishwa na Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008, mwaka wa kuhamia unaweza kugeuzwa ushahidi dhidi ya familia. Uliza badala yake: "Shikamoo mzee. Mfereji huu ulikuwapo kabla ya Operesheni Vijiji, au ulichimbwa baadaye?" (Operesheni Vijiji ni ile ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa.) Tenganisha ujio wa ukoo, ujio wa mifugo na ujenzi wa nyumba, maana ni tarehe tatu tofauti, na ugomvi mwingi hutokea pale zinapochanganywa. Usimwache pia anayejiita wa kwanza bila kumuuliza: Wasangu wenyewe walisukumwa na Wahehe katika karne ya 19, wakakaa Usafwa, nchi ya Wasafwa, chini ya mtemi wao Merere, wakarudi bondeni wakati wa Wajerumani. Wabaluchi nao, watu wenye asili ya Baluchistan ambao hutajwa mara chache, ndio walioeneza kilimo cha mpunga cha umwagiliaji. Mtu akinyamaza, rukia tukio linalofuata, na usimwandikie jibu.

Hatua ya 4. Kabila liandikwe mwisho, kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, na pale tu alipolitaja. Majina ya watu yakae katika daftari tofauti na ramani, na daftari hilo lisibaki ofisini kwa mtendaji hata kwa usiku mmoja.