Siki chupa yake, soda kopo lake: dawa za kusafishia jikoni za kujitengenezea

Kabla hujachanganya chochote, shika hili: siki ni asidi, soda ya kuokea ni alkali. Siki inayeyusha chokaa, soda inang'oa mafuta na masizi. Wengi huzimwaga pamoja, wakaona povu, wakadhani povu ndilo linalosafisha. Lile povu ni gesi ya kaboni dayoksaidi tu. Likituama, unabaki na maji ya chumvichumvi, asidi na alkali zimeshauana nguvu. Na ukizifungia kwenye chupa, gesi inaweza kuipasua. Kwa hiyo kila moja ikae peke yake.

Soda ninayoisema ni bikabonati, ile poda nyeupe laini ya kuumulia keki. Si hamira, si magadi, wala si soda kali ya kutengenezea sabuni. Hiyo inaunguza ngozi.

Hatua ya 1: Maji ya siki

Jaza maganda ya limau au chungwa kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Mimina siki nyeupe ya kawaida (asidi asilimia 5) hadi iyafunike kabisa, funika, acha wiki 2. Chuja kwa kitambaa, la sivyo chembechembe zitaziba chupa ya kupulizia. Changanya na maji, nusu kwa nusu.

Pulizia kwenye sinki, bomba na vioo, subiri dakika 5, futa. Usiipeleke kwenye jiwe la marumaru. Asidi inalila jiwe lenyewe, na mng'ao ukishaondoka haurudi kwa kufuta.

Hatua ya 2: Uji wa soda

Vijiko 3 vya soda, kijiko 1 cha maji. Koroga uwe mzito kama dawa ya meno. Tengeneza wa kutosha siku hiyo tu, maana unakauka. Paka kwenye jiko lenye mafuta yaliyogandamana, acha dakika 20, sugua kwa dodoki lenye maji, suuza.

Sufuria iliyoungua ina njia yake, na hapa ndipo soda inaponifurahisha zaidi. Tia maji yafunike ukoko, ongeza vijiko 2 vya soda, chemsha dakika 10, zima, acha yapoe yenyewe. Utaona magamba meusi yakijikunja kingoni na kuachia. Kwangua kwa mwiko wa mti, taratibu. Pakigoma, rudia kuchemsha badala ya kutumia nguvu. Sufuria ya alumini usiifanyie hivi, soda huifanya iwe nyeusi.

Hatua ya 3: Birika lenye chokaa

Siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha nusu saa, mwaga. Kisha chemsha maji matupu mara moja na uyamwage kabla ya kupika chai.

Mipaka yake

Siki haiui vijidudu vyote. Ubao uliokatia nyama mbichi uoshe kwa sabuni na maji ya moto, halafu tumia dawa ya klorini iliyopunguzwa makali kama maelezo ya chupa yanavyosema. Lakini klorini na siki zisikutane kamwe, hata kwenye kitambaa kimoja: zikikutana hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu. Andika jina kwenye kila chupa, na chupa ya klorini iweke kabati jingine.