Kukodi shamba la miwa kwa miaka 5: ya kuandika kabla trekta haijaingia

Hesabu mavuno kwanza, miaka baadaye. Kakamega na Bungoma, magharibi mwa Kenya, miwa ya kupandwa hukaa shambani takriban miezi 18; maotea (miwa inayochipua tena kwenye visiki baada ya kuvuna) ya kwanza na ya pili, takriban 16 kila moja. Hiyo ni miezi 50. Ongeza 3 ya kulima na kupiga haro (kuvunja madongoa), na 6 ya kungoja lori la kiwanda: 59, karibu miaka 5. Anayekodi kwa miaka 3 kwa sababu ni rahisi huvuna mara moja tu, kisha humwachia mwenye shamba maotea yaliyobakisha kidogo kukomaa.

Kwa hiyo mkataba utaje mavuno matatu pamoja na tarehe ya mwisho. Kiwanda kikichelewa, muda uongezwe kwa miezi isiyozidi 6, na kodi ya kila mwezi wa ziada iandikwe mapema. Ikiachwa ijadiliwe wakati miwa inakauka, mkodi hana nguvu ya kubishana. Mwenye shamba naye alindwe: atajwe atakayeng'oa visiki, na shamba lirudi Januari ili aliandae kwa mvua ya Machi.

Pekua hati kwenye ofisi ya ardhi. Ikiwa bado ina jina la babu aliyefariki, simama hapo. Kesi ya urithi iishe kwanza mahakamani, hata kama anayekukodisha ndiye anayelima hapo kila msimu. Muhuri wa chifu hauzibi pengo hilo.

Ardhi ya kilimo huhitaji pia kibali cha bodi ya ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane, la sivyo mkataba ni batili: pesa utazidai kama deni, lakini miwa iliyosimama huna kinga nayo. Mke au mume wa mwenye shamba aweke idhini kwa maandishi, na shahidi awepo sahihi zikitiwa.

Mkataba wa muda unaozidi miaka 2 usajiliwe. Ushuru wa stempu kwa muda unaozidi miaka 3 ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka.

Pima ekari kwa mashine, si kwa hatua. Ekari ni mita za mraba 4,047. Kodi ilipwe kwa awamu, kila mavuno na yake, kupitia benki au M-Pesa ili risiti ibaki.