Mashine ikizimika, kuku koo awe tayari
Nyie wenzangu wa Wete mnaototoa vifaranga kwa mashine, umeme ukikatika usiku msifungue kuchungulia, joto lote litatoka. Ifunikeni blanketi, matundu ya hewa yaachwe wazi. Mimi nikitia mayai tu, huwa na koo anayeatamia pembeni, ndani ya pakacha lenye majani makavu na majivu kidogo ya kuzuia utitiri. Giza likirefuka namhamishia mayai 10 au 12, si zaidi, taratibu gizani. Asubuhi hajui kama si yake. Na siku ya 7 pimeni mayai kwa tochi ya simu: lenye mishipa myekundu kama miguu ya buibui lina kifaranga, linalong'aa tupu litoeni.