Boti ya doria ikikusimamisha: mwongozo kwa wana ughaibuni wanaovua Mwanza na ng'ambo

Kila Desemba mialo ya Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, hupokea ndugu zetu kutoka Marekani, Uingereza na Kanada wakiwa na fimbo za kuvulia kwenye mikoba mirefu. Wanataka sangara. Wanakodi boti, wanapakia maji na soda, wanaelekea visiwani. Kwa jua na mawimbi wamejiandaa vizuri. Kwa boti ya doria inayokuja kwa kasi, askari mmoja amesimama mbele akiwaashiria wazime mashine, wengi hawajajiandaa kabisa. Wapo pia wa upande wa pili: waliokulia Kirumba au Ukerewe, leo wanaishi Ohio au Florida, wamenunua kaboti kao, na hawajui afisa wa huko ana mamlaka gani juu yao.

Nawaandikia wote kwa pamoja, maana shida ni moja. Mtu anabeba sheria ya alikotoka na kuitumia alipo. Aliyezoea Marekani akifika hapa anamuuliza afisa uvuvi ana sababu gani za kumshuku, kana kwamba bila hiyo hawezi kuguswa. Aliyezoea hapa akisimamishwa kule anaingiza mkono mfukoni kutafuta noti. Wote wawili wanajiingiza matatani bila sababu. Ukaguzi una mipaka, na mipaka hiyo hutofautiana nchi na nchi. Ndani ya mipaka, toa kinachotakiwa haraka na kwa heshima. Nje ya mipaka, una haki ya kuuliza.

Nani anaweza kukusimamisha Mwanza

Ziwani utakutana na watu wa aina nne au tano, na kila mmoja ana kazi yake. Afisa uvuvi anafuata Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, ambayo inampa uwezo wa kusimamisha chombo, kukipanda, kuona leseni, kukagua zana na kupima samaki. Polisi wa majini wana mamlaka ya polisi wote, pamoja na kusimamisha na kupekua chombo wanachokishuku. TASAC, shirika lililochukua kazi za usafiri wa majini zilizokuwa chini ya mamlaka ya zamani ya SUMATRA, linaangalia ubora wa chombo na vifaa vya kuokolea maisha. Kuna BMU, yaani vikundi vya wavuvi wa mwalo husika vinavyosaidia kulinda rasilimali. Hao ni wanakijiji wenzetu na ushirikiano wao ni wa maana sana, lakini mwanakikundi akija peke yake bila afisa wala askari, msalimie, mwoneshe leseni, na usimkabidhi fedha yoyote.

Ukikaribia Kisiwa cha Saanane, pale pale karibu na Capri Point, umeingia hifadhi ya taifa. Rubondo kule upande wa Geita ni hivyo hivyo. Humo askari wa TANAPA ndio wenye amri, na leseni yako ya wilayani haitoshi. Rubondo uvuvi wa burudani upo, ila kwa kibali cha hifadhi na kwa masharti yake. Usimwamini nahodha anayekwambia "hapa tunapita tu" huku kamba zimeshazama majini.

Wana haki ya kuona nini

Leseni kwanza. Watu wengi hudhani kwamba kuvua kwa kujifurahisha na fimbo moja hakuhitaji karatasi. Kunahitaji. Nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya safari, useme wazi kwamba ni uvuvi wa burudani, na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi. Kama ulishachukua uraia wa nchi nyingine, kumbuka kwamba Tanzania haitambui uraia pacha kwa mtu mzima. Mbele ya dirisha la leseni wewe ni mgeni, hata kama bibi yako amezikwa Sengerema. Inauma, najua, lakini jitambulishe kwa pasipoti uliyoingilia. Kudai utanzania ambao karatasi zako zinaukana kunaweza kuzaa kesi kubwa kuliko samaki.

Samaki wenyewe. Sangara asipungue sentimita 50, sato asipungue sentimita 25. Hupimwa kuanzia ncha ya mdomo mpaka ncha ya mkia. Mwombe nahodha achore alama mbili kwa rangi kwenye ubao wa kukalia, ya 25 na ya 50, na kila samaki alazwe hapo kabla hajaingia kwenye sanduku la barafu. Sangara akitolewa majini havumilii, kwa hiyo mpime upesi na mdogo umrudishe akiwa bado anapiga mkia. Samaki wadogo watatu waliofichwa chini ya barafu ndio wanaogeuza siku ya mapumziko kuwa siku ya kituoni.

Zana nazo hukaguliwa. Wewe una fimbo na ndoano, sawa, lakini boti uliyokodi huenda jana usiku ilikuwa kazini. Kabla ya kupanda funua vile viturubai vya nyuma. Ukikuta wavu wa timba au kipande cha kokoro, nyavu zilizopigwa marufuku, usipande boti hiyo. Zana haramu zikikutwa chomboni, kusema "mimi nimekodi tu" ni maelezo utakayoyatoa ukiwa umeshakamatwa.

Halafu usalama. Kila aliyemo awe na jaketi okozi linalomtosha, watoto wakiwemo, na chombo kiwe na cheti chake cha ukaguzi. Hili wala lisikuudhi. Mji huu ulizika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, na Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka jirani na Ukara na kuondoka na watu zaidi ya 200. Afisa anayehesabu majaketi kwenye boti yako anafanya kazi ambayo ingefanywa sawasawa miaka ile, baadhi ya jamaa zetu wangekuwepo leo.

Pale mamlaka yanapoishia

Juni 2018, wakati wa msako mkali dhidi ya uvuvi haramu, maafisa waliingia kwenye mgahawa wa Bunge pale Dodoma wakapima kwa rula samaki waliokuwa jikoni. Wabunge walikuja juu. Mimi nilikuwa na bado niko upande wa wanaotaka sangara alindwe, maana kokoro zilikuwa zinalimaliza ziwa. Lakini tukio lile liliwafanya watu wa kawaida wajiulize swali la maana: rula ya serikali inaishia wapi?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Kukagua sanduku la samaki ni jambo moja. Kufungua begi la nguo, kupekua simu au kuingia nyumbani kwa shangazi yako Igoma kutafuta samaki ni jambo lingine, na hapo ndipo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaposhika nafasi. Kwa kawaida upekuzi wa nyumba unahitaji hati, isipokuwa pale palipo na dharura inayotambuliwa na sheria yenyewe. Mwanamke akilazimika kupekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Na kitu chochote kikichukuliwa, sheria inataka stakabadhi itolewe, yenye sahihi ya mwenye mali na ya mashahidi kama wapo. Stakabadhi hiyo ndiyo karatasi muhimu kuliko zote. Mahakama zetu zimeirejea mara nyingi wakati wa kuamua kama upekuzi ulikuwa halali. Kama wamechukua fimbo, mashine na samaki, viandikwe kimoja kimoja, pamoja na uzito wa samaki na namba ya mashine.

Namna ya kusema ni muhimu kama kile unachosema. Boti ya doria ikifika, zimeni mashine, kaeni chini, nahodha ndiye aanze. Salamu haiachwi hata ukiwa na haraka: "Afande, habari za kazi." Afisa aliyekuzidi umri anastahili shikamoo yake. "Leseni hii hapa, cheti cha chombo anacho nahodha, samaki wako kwenye sanduku hili. Naomba na mimi nione kitambulisho, ili nijue nimehudumiwa na nani." Sentensi hiyo, ikisemwa kwa sauti ya kawaida, haimvunjii mtu heshima. Akitaka begi lako la nguo, uliza: "Samahani mkubwa, hili la begi ni kwa sheria gani?" Akisisitiza, usimzuie kwa mikono. Mwambie hujaridhia, mwache afanye, kumbuka saa na mahali, na dai lako lipeleke nchi kavu. Ugomvi katikati ya maji ni hatari kwa wote waliomo.

Kuhusu fedha: faini halali ina namba ya malipo ya serikali na risiti. Chini ya Sheria ya Uvuvi kosa linaweza kumalizwa bila kwenda mahakamani, lakini hilo hufanyika kwa maandishi, mtu akikiri kosa na kulipa rasmi. Hakuna utaratibu wa "maliza hapa hapa tuendelee". Ukiombwa hela ya mkononi, omba mwende ofisini. Wengi huachia papo hapo. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113, simu ya bure.

Msitoke nje ya maji ya Tanzania bila kujua. Ziwa ni la nchi tatu na mpaka haujachorwa rangi. Upande wa Uganda doria za uvuvi ziliwekwa mikononi mwa jeshi mwaka 2017, na maelezo kwamba ulikuwa unafuata sangara hayatakusaidia. Na kama umekuja na droni ya kupiga picha, tafuta kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kwa mnaovua ng'ambo

Marekani ndiko kwenye mkanganyiko mkubwa, kwa sababu boti haina ulinzi ule ule wa gari. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ilisema polisi hawezi kusimamisha gari ovyo ovyo ili tu aone leseni. Mwaka 1983 mahakama hiyo hiyo ikaruhusu maafisa wa serikali kuu kupanda chombo kuangalia nyaraka bila shaka yoyote, kwenye maji yanayofika baharini. Walinzi wa Pwani (Coast Guard) wana uwezo huo kisheria: wanaweza kupanda chombo wakati wowote. Kwa hiyo ukiwa Lake Erie au pwani ya Florida na boti yao ikakufuata, usibishane kuhusu sababu.

Maafisa wa jimbo wana mipaka mingine. Ohio ilipitisha sheria ya kuwazuia kusimamisha boti kwa ajili ya ukaguzi wa usalama pekee mwaka 2013. Florida ikafuata na yake, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025: afisa wa jimbo au wa kaunti haruhusiwi kukusimamisha kukagua vifaa vya usalama au choo cha boti bila sababu za msingi za kuamini kuna kosa. Wengi wameelewa vibaya hapo. Sheria hiyo haiwafungi Walinzi wa Pwani. Na kosa likionekana kwa macho, mfano mtoto hana jaketi, sababu imeshapatikana. Kanuni ya serikali kuu inataka mtoto chini ya miaka 13 avae jaketi boti ikiwa inatembea, na majimbo mengi yana umri wao.

Mvuvi naye yuko wazi zaidi kuliko mwenye boti ya matembezi. California kuna kesi iliyoamuliwa mwaka 2011: afisa wa wanyamapori alimtazama kwa darubini mtu akivua kwenye gati la San Diego, akamwona akitia kitu kwenye begi jeusi. Alimsimamisha akiwa tayari kwenye gari, akakuta kambakoche wa miiba, na haukuwa msimu wake. Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema ukaguzi ulikuwa halali, kwa sababu anayevua anajua anaweza kutakiwa kuonesha alichovua. Somo kwako: sanduku la samaki ni la kuoneshwa. Simu, mabegi na makabati ya ndani kwa kawaida yanahitaji sababu zaidi au ridhaa yako, na unaweza kusema kwa utulivu kwamba huridhii. Mikono ionekane muda wote, sema kabla ya kuinama kuchukua karatasi, na noti usiitoe hata kwa bahati mbaya. Kule kumpa afisa fedha ni jinai ya kufungwa, na kwa asiye raia inaweza kuvunja ndoto ya makaratasi.

England na Wales ni rahisi zaidi. Kuanzia miaka 13 unahitaji leseni ya fimbo kwa maji yasiyo ya chumvi, ya bure mpaka miaka 16, na mlinzi wa mito anaweza kuidai na kuangalia zana, chambo na vyombo vyako. Kanada afisa uvuvi anaweza kukagua chombo na gari, lakini nyumba ya kuishi anahitaji ridhaa au hati.

Ukipelekwa kituoni

Tanzania polisi wana saa nne za awali za kukuhoji, na katika mahojiano una haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki. Soma maelezo yako yote kabla ya kutia sahihi, kwa lugha unayoielewa vizuri. Mwenye pasipoti ya kigeni aseme mara moja kwamba anataka ubalozi wake ujulishwe: Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa haki hiyo, na unampa vilevile Mtanzania aliyekamatwa Marekani. Namba ya ubalozi iandike kwenye karatasi na kuiweka kwenye mfuko usiopitisha maji pamoja na nakala ya leseni, kwa sababu simu huzimika, hulowa au huchukuliwa kama kielelezo.

Samaki waliokamatwa hawarudi, wanaharibika. Fimbo na mashine hurudi kesi ikiisha vizuri, na anayerudishiwa upesi ni yule mwenye stakabadhi iliyoandikwa vizuri.