Omba jumla ya dozi kabla faili halijapotea
Mtoto akimaliza matibabu ya saratani, mwombe daktari muhtasari wa maandishi: aina ya saratani, tarehe, kila dawa na jumla ya dozi yake, mionzi ilipigwa wapi na kwa grei (kipimo cha mionzi) ngapi. "Alipewa kemo" (dawa za saratani) pekee haimsaidii daktari wa miaka 20 baadaye. Doksorubisini, ile dawa nyekundu ya dripu, ikifika jumla ya miligramu 250 kwa kila mita ya mraba ya mwili, moyo upimwe kwa ultrasaundi kila baada ya miaka 2, hata kama anacheza mpira bila kutweta. Sisplatini, dawa nyingine ya saratani, huweza kuharibu usikivu. Anayeongeza sauti ya redio kila mara apimwe masikio kabla ya kuitwa mzembe darasani. Karatasi hiyo ipige picha, na akikua akabidhiwe mwenyewe.