Kufufua Honda C70 na mpwa wako: iwake kwanza, rangi baadaye

Msimu wa Krismasi, Wachaga wakisharudi nyumbani, huwa napokea swali la aina moja: huko Kibosho, Marangu au Machame kuna Honda ya babu imelala stoo kati ya madebe na magunia ya kahawa, na kijana wa nyumbani anaililia. Inafaa kununuliwa? Itawaka?

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye spana kiasi, akifanya kazi na kijana asiyetulia akiona bolti. Naufuatisha na Honda C70 kwa sababu ndiyo bora kwa kujifunzia: silinda moja ya cc 72, gia tatu, haina mkono wa klachi, na injini mnaishusha kwa mikono tu. Ni ukoo wa Super Cub, ambao Honda waliuanzisha mwaka 1958 na kufikia 2017 walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni 100. Ndiyo maana spea zake, za kwao au za Kichina, bado zipo.

Hatua ya 1: Kadi kabla ya injini

Usiguse kiki kabla hujaiona kadi ya usajili. Kwaruza uchafu mpaka namba ya chesisi na ya injini zisomeke, kisha mpe kijana azisome kwa sauti wewe ukifuata kwenye kadi. Zikitofautiana, rudini nyumbani.

Kama mwenye kadi ameshafariki, kaka mkubwa hana mamlaka ya kuuza kwa kuwa tu ni kaka mkubwa. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Desemba ina faida hapa: ukoo mzima uko nyumbani, na anayepinga atapinga mbele yako, si baada ya wewe kuweka pistoni mpya. Andikishaneni mkataba kwa wakili, kisha mkabadilishe umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA). Watu huona hili ni usumbufu kwa kapikipiki kadogo. Usumbufu wenyewe ni siku trafiki anapokuuliza ni ya nani.

Hatua ya 2: Ikague, kisha bei

Pikipiki iliyokosa vitu ni ghali kuliko iliyokosa moto. Kosa la moto mara nyingi ni uchafu. Ukikosa tangi, kava ya cheni au kabureta utazunguka mjini mpaka uchoke. Angalia pia fremu chini ya kiti na pale mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu, unaposhika, maana maji yakituama humo bati huoza kwa ndani na rangi ya juu inabaki nzima. Gonga kwa bisibisi. Mlio mkavu ni salama, mlio mzito au unga wa kutu ni sababu ya kushusha bei au kuacha.

Tairi zikiwa zimepasuka zisikutishe. Rimu ni za inchi 17. Chukua vipimo vya ubavuni mwa tairi uende navyo dukani.

Hatua ya 3: Kufungua

Nunua trei mbili za mayai. Kila tundu bolti zake, na kijana aandike kwa kalamu zimetoka wapi. Piga picha kabla ya kuchomoa waya wowote. Halafu wewe kaa kwenye kigoda, umwache afungue. Mjomba anayenyang'anya spana kila dakika mbili atamaliza pikipiki, lakini kijana hatakuwa ameshika chochote.

Kazi ya petroli ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa. Na mkifungua breki, msipulize vumbi kwa kompresa: bitana za zamani nyingi zina asbesto. Futeni kwa kitambaa kibichi.

Hatua ya 4: Injini iliyoganda

Kiki ikigoma kushuka, usiisimamie. Toa plagi, mimina vijiko kadhaa vya oili iliyochanganywa na dizeli kwenye tundu, uiache ilale. Baada ya hapo shika nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni mwa injini, kwa spana ndefu, sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Ringi zilizoshikwa na kutu huachia polepole, ukilazimisha zinavunjika. Ikizunguka, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba na umwambie kijana apige kiki. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, kuna matumaini. Kisiposukumwa, pima tapeti kwanza, yaani nafasi ndogo iliyo juu ya valvu, kabla hujaanza kulilia silinda.

Tapeti zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T ya flaiwili ikiwa imelingana na alama ya mwili na valvu zote mbili zimefunga. Fila, kile kibati chembamba cha kupimia, ya milimita 0.05 ipite kwa kukwaruza kidogo, kwa zote mbili.

Hatua ya 5: Moto wa plagi

C70 ya zamani ya volti 6 ina pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche) chini ya flaiwili na moto wake unatoka kwenye magineto, kwa hiyo haihitaji betri ili iwake. Wengi hununua betri kwanza na bado haiwaki.

Chungulia pointi kupitia madirisha ya flaiwili. Zikiwa na ukungu wa kijivu, pitisha msasa laini, kisha karatasi safi kuondoa unga. Zikifunguka kabisa, nafasi iwe milimita 0.3 hadi 0.4. Plagi yenyewe iwe 0.6 hadi 0.7. Ilaze juu ya hedi, chuma kwa chuma, ishike kwa kofia yake ya mpira, petroli ikiwa mbali, kisha piga kiki. Cheche ya buluu inayolia ta! ni nzuri. Ikiwa nyekundu na dhaifu, shuku kondensa.

Hatua ya 6: Tangi na kabureta

Hapa ndipo pikipiki nyingi zilizolala zinapofia, kwa hiyo msiwe na haraka.

Tangi liko chini ya kiti. Litoeni, mtie siki na mnyororo mfupi au kokoto safi, mtikise kwa zamu, mliache usiku. Mwageni, msuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, kisha maji matupu, kisha jua. Likikauka litieni petroli siku hiyohiyo, la sivyo kutu inarudi. Likivuja, msipeleke kwa mchomeleaji likiwa na harufu ya petroli. Linalipuka.

Kwenye kabureta, kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ifunge taratibu mpaka ikae, ukihesabu mizunguko, uandike. Fungua bakuli: petroli ya zamani huwa imegeuka gundi ya kahawia yenye harufu kama ya vanishi. Toa jeti, yaani vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitisha petroli. Tulipofungua yetu, mpwa wangu aliikamata ile ndogo kati ya vidole viwili, akaielekeza juani.

"Mjomba, hii haina tundu."

"Inalo. Safisha mpaka ulione."

Aliiloweka, akapitisha uzi mmoja wa waya mwembamba wa umeme, akapuliza, akaangalia tena mpaka nukta ya mwanga ikatokea, ya duara. Msitumie sindano wala waya wa chuma kigumu, maana tundu likipanuka injini itakunywa kupita kiasi na kutoa moshi mweusi.

Hatua ya 7: Iwake

Mwaga oili ya zamani yote, tia mpya ya pikipiki ya mipigo minne. Haifiki lita moja. Ya magari iacheni, klachi inaogelea humohumo. Fungua petroli, vuta choki, piga kiki kwa mguu mzima. Ikishika, usiipandishe kelele. Iache ipate joto, kisha rekebisha sailensa, yaani mzunguko wa injini usipovuta mafuta. Moshi wa buluu dakika za mwanzo ni ile oili mliyomimina kwenye silinda. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, ni ringi au sili za valvu, na hapo ndipo pesa ya kuchonga silinda inatafutwa.

Hatua ya 8: Breki, taa, rangi

Breki shuu na kebo ziwe mpya, bila mjadala. Barabara za huku juu zinashuka kweli. Balbu ziwe za volti ileile ya pikipiki, kwani ya 12 kwenye mfumo wa 6 inawaka hafifu tu. Rangi ni msasa, praima, rangi, na subira ya kukauka. Rangi ichague kijana, hata kama ni ile usiyoipenda.

Hatua ya 9: Kuijaribu

Asiye na leseni haingii barabarani, hata kwa kukimbilia dukani. Mpeni uwanja mtupu, kofia ngumu na viatu vya kufunika. Wewe ndiye utakayeipandisha mlima: ikipanda na gia ya pili bila kukohoa, jeti na tapeti ziko sawa, ikikata pumzi ikipata joto, rudini hatua ya 4. Mkifika nyumbani, mwageni oili ingali ya moto, muangalie kama ina chembe za chuma, mtie nyingine, kisha mkaze upya nati za ekseli na bolti za injini. Tapeti mpime kesho yake asubuhi.